Laini ngapi kwa simu za intaneti ofisini?
Ndugu, umeuliza kama wafanyakazi 25 wanahitaji laini 25. Hapana, kinachoamua ni saa yenye simu nyingi zaidi, si idadi ya meza. Tuseme saa hiyo huwa na simu 60 za dakika 3 kila moja: hizo ni dakika 180, yaani wastani wa laini 3 kwa wakati mmoja, lakini kwa kuwa simu haziingii kwa zamu, kanuni ya Mdenmark Agner Krarup Erlang ya mwaka 1917 inataka laini 8 ili wanaokosa nafasi wasifike 1 kati ya 100. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, kila mazungumzo hula takribani kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, hivyo kwa laini 8 tenga kilobiti 700 kwa sekunde kila upande, hasa upande wa kupakia (kutuma data), ambao ndio huumbua wengi.