Jibu: Nimepungua kilo 38, mbona kiuno kinauma kuliko zamani?

Dada, hongera, na pole pia. Umesema magoti yamepoa ila kiuno kinawaka, hasa ukikaa.

Anza hapohapo pa kukaa. Mimi nilipopungua, nyama za makalio ziliisha nikawa nakalia mfupa wa mkia. Benchi la dukani Ngamiani lilinitesa kuliko kubeba magunia! Mto mnene na kusimama kila nusu saa vilinisaidia kuliko vidonge. (Tandiko la baiskeli nalo nikabadilisha, si unatujua watu wa Tanga.)

Halafu, unakula nini? Ukipungua haraka, misuli huondoka pamoja na mafuta, mgongo ukakosa wa kuushika. Mimi nilishindia matango na chai kavu, ujinga mtupu. Nikarudia dagaa, maharage na mayai, jioni natembea hadi Raskazone. Ilichukua miezi minne kuinama kufua bila kushika ukuta. Bado mgongo unauma siku za kusimama sana.

Ila mguu ukilegea, ukifa ganzi mapajani kwa ndani, au mkojo ukikushinda, nenda hospitali usiku huohuo. Na kama kilo zinashuka bila kujinyima, na jasho la usiku juu, pima TB. Huingia hata kwenye uti wa mgongo. Habari za diski, vile vipande laini kati ya pingili za mgongo, mwachie daktari.