Nimeswali istikhara, mbona sijajibiwa?

Mama wa watoto wawili, Tanga, anaandika kwamba biashara ya samaki ya mumewe imekufa na yeye anadaiwa na kikoba. Wakala amemtafutia kazi za ndani Maskati, Oman, miaka miwili, na mume ameridhia. Ameswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri, usiku tatu. Siku mbili hakuota kitu. Ya tatu akaota yumo mashuani, bahari imechafuka. Shangazi yake akamwambia hilo ndilo jibu, asiende. Jirani naye anamjua mtu wa kumtazamia kwa shilingi 50,000. "Mbona Mwenyezi Mungu amenyamaza?" anauliza.

Waalaikumu salamu, mwanangu. Hiyo elfu hamsini usiitoe. Istikhara haitazamwi kitabuni. Anayekutazamia anapiga ramli, hata akianza kwa Bismillahi. Mwenye haja ndiye anayeswali.

Ndoto nayo watu wameipachika tu. Hadithi ya Jabir bin Abdillah katika Sahihi Bukhari, ambayo ndiyo msingi wa swala hii, haitaji ndoto wala haisemi ukimaliza ulale. Na ndoto ya kutisha ina adabu zake alizotufundisha Mtume (s.a.w.): uteme kushoto mara tatu, ujikinge kwa Allah na shetani, ugeukie ubavu mwingine, wala usimsimulie mtu. Wewe uliisimulia, ikageuzwa hukumu. Shangazi anakuonea huruma, usigombane naye, ila mashua ile si jibu.

Jibu limo ndani ya dua yenyewe. Unamwambia Mola wako: jambo hili likiwa na kheri nami katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nikadirie na unifanyie wepesi, na likiwa la shari, liepushe nami, na mimi uniepushe nalo. Hapo kwenye shari ni maombi mawili: jambo likuondokee, na wewe uondokane nalo. Mlango ukifungika huku moyo bado unauchungulia, nusu ya kwanza imeshajibiwa; endelea kuomba ya pili, na ile ya mwisho: nikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Kwa hiyo jibu hulioni kitandani, unaliona njiani, mambo yakiwa mepesi au yakikwama. Aliyekaa chini kungoja ishara hajalipa jibu pa kupitia.

Swali tena, hakuna ubaya, ingawa ile hadithi ya kurudia mara saba ni dhaifu. Rakaa mbili za sunna, sura yoyote baada ya Fatiha. Ukishatoa salamu, mhimidi Allah, mswalie Mtume, kisha usome dua; kama hujaihifadhi, soma kwenye karatasi. Ukifika "hadhal amra", yaani "jambo hili", litaje jambo lenyewe: kwenda Maskati, kwa wakala huyu, kwa mkataba huu. Wengi huomba "safari" kwa jumla tu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii usiiswali baada ya alfajiri mpaka jua lipande, wala baada ya alasiri mpaka magharibi. Ukiwa katika hedhi, dua peke yake inatosha.

Asubuhi yake nenda kwa wakala. Muulize leseni yake, kisha uihakikishe TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, si kwa mdomo wake. Omba mkataba ulioandikwa jina la mwajiri, mshahara, siku ya mapumziko na nani analipa tiketi ya kurudi. Uliza kama ubalozi wetu Maskati umeuona. Akikwambia utasaini ukifika, au upande ndege kwa viza ya matembezi, basi hapo njia imekwama, na hakuna ndoto iliyo wazi kuliko hiyo. Akileta kila kitu bila chenga, acha nakala za mkataba na pasipoti kwa mumeo, na mkubaliane nani atakaa na watoto. Bibi yao ana nguvu hizo? Hukulitaja hilo kwenye barua.

Kuhusu kunyamaza: katika Bukhari na Muslim imekuja kwamba mja hujibiwa maadamu hana haraka ya kusema, "Nimeomba sikujibiwa." Nabii Yaaqub alipotezana na Yusuf miaka mingi, akalia mpaka macho yakaingia weupe, na bado aliwatuma wanawe waende wakamtafute. Kulia kwako hakuvunji imani.

Limebaki deni, na naona ndilo linalokusukuma. Moyo uliobanwa na marejesho hauswali istikhara, unaomba ruhusa. Mwone mwenyekiti wa kikoba kabla ya siku ya kikao, peleka chochote ulicho nacho hata kama hakifiki rejesho zima, na uombe muda uandikwe kwenye daftari. Ukikaa kimya watawafuata wadhamini wako.