Kabla hujatoboa dari kuweka spika

Bibi mmoja aliyekuwa kwenye foleni ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nilikuwa nimefunga spika nne kwenye dari ya zahanati moja ya mtu binafsi hapa Tabora, upande wa Isevya, na wiki iliyofuata nikapita kuiangalia kazi yangu, kifua mbele. Nikamwamkia. Akauliza kama mimi ndiye fundi wa zile redio za juu. Nikakubali haraka, nikitegemea sifa.

"Mjukuu wangu, hii kitu inanipigia kelele utosini. Na mwenzangu pale ukutani anasema wakiita majina hasikii hata moja."

Nilikaa kwenye benchi lake nikasikiliza, kisha nikahamia ukutani. Bibi alikuwa na haki. Aliyekaa chini ya spika alikuwa kama yuko harusini, na aliyekaa hatua chache pembeni aliambulia mvumo tu. Mimi nilikuwa nimenunua spika kubwa chache, kwa sababu kwenye boksi iliandikwa wati nyingi, na nikazipanga katikati ya ukumbi zikae vizuri machoni.

Spika ya dari ni kama taa yenye kofia. Inamwaga sauti kwa mwavuli kwenda chini, na upana wa mwavuli huo unategemea urefu wa dari. Wati haziupanui. Hesabu ninayotumia sasa ni nyepesi: pima kutoka sakafuni hadi darini, toa mita 1.2 ambazo ndizo kimo cha sikio la mtu aliyekaa, kinachobaki zidisha kwa mbili. Ukumbi ule dari yake iko mita 2.7. Ukitoa 1.2 inabaki 1.5, mara mbili ni mita 3. Kwa hiyo spika na spika zisiachane zaidi ya mita 3, na ile ya kwanza ikae mita 1.5 kutoka ukutani. Ukumbi una mita 6 kwa 9, basi ni safu mbili za spika tatu tatu. Sita, ndogo, zinazosema kwa sauti ya chini. Hesabu hii ni ya spika ambazo mwavuli wake una nyuzi 90. Kama karatasi ya maelezo ya spika inataja pungufu ya hapo, zisogeze karibu zaidi.

Mwenye zahanati aliposikia sita alidhani nataka kumkamua. Ikabidi nimweleze kwamba spika sita ndogo hazimpigii mtu kelele, ndiyo maana mtu wa mapokezi hatazizima ifikapo saa nne asubuhi. Spika inayokera huzimwa, na iliyozimwa ni hasara tupu.

Kosa langu la pili lilijitokeza baada ya siku chache kwa harufu ya kuungua. Zile spika nne zilikuwa za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), nikaziunganisha zote sambamba kwenye amplifaya ya nyumbani. Nne za omu 8 zikikaa sambamba zinakuwa omu 2, na nyuma ya amplifaya ile paliandikwa wazi kwamba isishuke chini ya omu 4. Nilisoma baadaye, kama kawaida yetu mafundi.

Dawa yake ni mfumo ambao wengi tumeuona msikitini na shuleni bila kujua jina lake: laini ya volti 100, ule wa zile honi za juu ya mnara. Kila spika inakuja na transfoma yake ndogo yenye ngazi za kuchagua, kwa mfano wati 1.5, 3 au 6. Unazifunga zote kwenye jozi moja ya waya, unajumlisha wati ulizochagua, unaongeza robo, hapo unajua amplifaya ya kununua. Zahanati ile: sita za ukumbini kwa wati 3 ni 18, vyumba vinne kwa wati 1.5 ni 6, jumla 24. Ongeza robo, 30. Tukachukua ya wati 60 maana mzee alishaanza kuota chumba cha maabara. Kwa sebule na chumba kimoja hapo nyumbani huhitaji haya yote, spika mbili za omu 8 zinatosha.

Faida nyingine ni waya. Wati 60 kwenye volti 100 ni ampia 0.6 tu, wakati kwenye omu 8 ingekuwa kama 2.7. Waya wa milimita 1.5, huu wa taa, unafika mwisho wa jengo bila sauti kufifia. Ila kwangua kwanza kwa kisu: ukiona weupe ndani ya wekundu, huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mwachie muuzaji. Na volti 100 si mchezo, inakurusha ngazini, kwa hiyo zima amplifaya kabla ya kushika kiungo.

Vyumbani weka kirekebisha sauti ukutani, kile cha laini ya volti 100. Daktari anayemsikiliza mgonjwa kifua hataki taarabu.

Sasa dari zenyewe. Kabla ya kukata jipsam, gonga kwa ngumi utafute mbao, kisha weka kile kiolezo cha duara na uchore kwa penseli. Shimo likizidi kidogo tu, masikio ya spika, vile vibanio vyake vya pembeni, hayashiki kitu. Kama dari ni laini, la zamani, weka kipande cha plaiwudi juu ili kibebe uzito. Funika makochi na uzibe pua, vumbi la jipsam linaingia hadi kwenye chai.

Juu ya dari ndiko kuna Tabora halisi. Joto la bati mwezi wa kumi, panya, na popo. Mimi sasa sinunui spika isiyo na kopo la kuifunika nyuma, kwa sababu niliwahi kufungua moja ya zamani nikakuta mavi ya popo yamelala kwenye karatasi yake, ile inayotikisika kutoa sauti. Waya upite ndani ya paipu, panya hana adabu na plastiki laini. Usiupitishe paipu moja na waya wa umeme wa nyumba, utasikia mvumo siku nzima. Vikilazimika kukutana, vikatane kama msalaba.

Zikague spika kabla hazijapanda. Gusa betri ndogo ya volti 1.5 kwenye waya za spika yenyewe, upande wa spika na si upande wa transfoma: chanya kwa chanya, karatasi inatoka nje. Inayoingia ndani imegeuzwa, na ukiiacha hivyo itakuwa inakula sauti ya jirani yake. Bidhaa zikitoka Kariakoo kwa basi kupitia Manyoni na Itigi, kurudisha moja ni safari, bora uijue ukiwa bado chini.

Kama ni biashara na unapiga muziki mbele ya wateja, ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, habari ya kibali. Sheria ya hakimiliki iliyopo ni ya mwaka 1999.

Kuna kitu kimoja hakuna spika itakayokusaidia. Novemba mvua ikishuka juu ya bati, mhudumu wa pale alikuwa akizungusha kitufe hadi mwisho, spika zikikoroma na watu bado hawasikii. Nikaweka alama ya rangi ya kucha pale kitufe kinapopaswa kukomea. Mvua ikianza, anazima, anasimama dirishani, anaita majina kwa mdomo.