Mtoto Niliyemlea Kaenda Marekani, Kiswahili Chote Kimemtoka

SWALI: Shangazi habari yako, nakuandikia kutoka Jinja. Nililea mtoto kwenye nyumba ya watoto, aliletwa akiwa wa wiki mbili, na wazungu walipomchukua akiwa na miezi 14 wakaniomba niende nao niwe yaya, tukakaa hapa hapa mwaka na kitu mpaka mambo ya korti yakaisha wakasafiri naye Marekani. Sasa ana miaka miwili na miezi kumi, amemaliza miezi saba huko. Hapa alikuwa anasema maji, leta, beba, twende, hata "sitaki" alikuwa nayo! Juzi kwenye video namwambia njoo kwa mama, ananiangalia kama anaangalia televisheni halafu anajificha nyuma ya yule mama yake. Kiingereza nacho ni neno moja moja, wenzake wanaongea sentensi, wanataka kumpeleka kwa mtaalamu wa matamshi. Majirani wanasema tulimharibu kumchanganyia Kiswahili, Luganda na Kiingereza. Ni kweli? Na niendelee kupiga ama niache? Leso niliyokuwa nambeba nayo bado ninayo.

JIBU: Nyabo pole, hiyo ya kuangaliwa kama televisheni najua imeuma. Hamkumharibu. Lugha tatu zingekuwa zinaharibu mtoto basi Uganda nzima tungekuwa mabubu.

Kilichotokea ni kwamba Kiswahili kimeondoka kabla Kiingereza hakijafika vizuri. Mtoto mdogo hivyo ukimpeleka kwenye nyumba ambayo akisema "leta" hakuna anayeleta, neno linakufa, na linakufa haraka, miezi michache tu. Sawa Kiingereza alikisikia kwao hapo Jinja, lakini mchana kutwa si alikuwa mgongoni mwako? Kwa hiyo mama yake asihesabu toka siku ya kuzaliwa, ahesabu toka siku ndege ilipotua, ajiulize tu kama mwezi huu maneno ni mengi kuliko mwezi uliopita. Yakiwa yanaongezeka, hata kwa kukokota, atulie, wengi huwakaribia wenzao ndani ya miaka miwili hivi.

Halafu kuna ile miezi 14 ya kwanza, tusijidanganye nayo. Madaktari wanaopima watoto walioasiliwa wana hesabu yao, kila miezi mitatu kwenye nyumba ya watoto urefu wa mtoto unabaki nyuma kama mwezi mmoja wa kukua, kwa wako ni karibu miezi mitano. Siyo kwamba mlimnyima uji, ni kwamba mlikuwa wangapi kwa watoto wangapi? Mtoto analia, anasubiri zamu, mwisho analia kidogo. Kule Romania watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi kuanzia mwaka 2000, baadhi wakapewa familia za kuwalea, na waliotoka kabla ya miaka miwili ndio walionyanyuka zaidi. Wako alitoka na miezi 14. Na ile sheria yetu ya 2016 inayomtaka mgeni akae hapa na mtoto mwaka mmoja kwanza, watu wanailalamikia kweli kweli lakini mimi naipenda, maana huyo alipanda ndege na watu anaowajua.

Mtaalamu wa matamshi waende, hakuna aibu, ila waanze na masikio. Unajua watoto wetu na usaha wa masikio, mtu anapanguza na kitambaa basi imeisha. Kama huyo aliwahi kutoka usaha hata mara moja mwambie mama yake leo, hiyo hawawezi kuijua kama husemi wewe. Damu pia wapime, na minyoo. Mimi ningeshtuka kama haonyeshi kitu kwa kidole, haitiki akiitwa (kwa jina lipi lakini, walimbadilishia?), au anaambiwa lete kiatu na kiatu kiko pale pale haelewi.

Sasa hiyo ya kujificha nyuma ya mama yake, banange, ndiyo habari nzuri kuliko zote kwenye barua yako! Wa kuogopewa ni yule anayemrukia kila mgeni anataka kubebwa. Huyu ameshachagua wa kukimbilia, najua inakuuma lakini ndicho ulichokuwa unamwombea.

Simu piga, dakika tano kumi, na akijificha usimwite mara saba, ongea na mama yake. Mwambie vitu unavyojua wewe peke yako, alikuwa analala upande gani, alikuwa anaficha chapati wapi, maana huenda anaficha mkate huko na wao wanadhani ni utundu. Ile nyimbo ya kumlaza jirekodi umtumie mama yake.

Na leso, muulize kwanza, akikubali tuma. Usiifue.