Filamu za kale za kutisha taratibu: kabla ya jina, uliza kopi

Mkuu, umeuliza uanze na zipi kukusanya zile muvi za kutisha za zamani zisizo na jina kubwa, zinazokwenda polepole hadi mwili unasisimka. Majina yapo tele. Mimi ningekwambia uangalie kwanza kopi, maana filamu hizi hadithi yake ni fupi, kazi kubwa inafanywa na giza na sauti.

Chukua Carnival of Souls ya 1962. Herk Harvey alikuwa mtengenezaji wa filamu za mafunzo na za viwandani huko Lawrence, Kansas. Siku moja akapita na gari karibu na Great Salt Lake, Utah, akaliona jumba la starehe la Saltair limetelekezwa, wazo likamjia papo hapo. Bajeti ilikuwa kama dola 33,000, na lile zimwi lenye uso mweupe ndani ya filamu ni yeye mwenyewe Harvey. Nakala zilisambazwa bila tangazo la hakimiliki, ikawa mali ya umma, basi kila mwenye mashine akafyatua DVD zake. Nyingi ni takataka. Kuna pale dada mpiga kinanda anatoka kujaribu gauni dukani, ghafla dunia inanyamaza, hakuna anayemwona wala kumsikia. Kwenye kopi yangu ya kwanza palikuwa na mvumo kama mafuta ya kukaangia, kwa hiyo ule ukimya sikuusikia kabisa! Nilipopata iliyosafishwa nikaelewa watu wanasifia nini.

Ila usije ukalaumu kopi kwa kila ukungu. Vampyr ya Carl Dreyer, 1932, imefifia kwa makusudi, walitega kitambaa chepesi mbele ya lenzi. Negativu zake za asili (ule mkanda uliopita kwenye kamera) zilipotea, zinazouzwa leo zimeungwa kutoka nakala zilizosalia, hivyo mikwaruzo kidogo ivumilie.

Na wa nyumbani tusijisahau. Maangamizi ya 2001, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, Amandina Lihamba akiwa mgonjwa asiyesema katika hospitali ya akili, na bibi wa mizimu anayemtokea. Ndiyo filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka Oscar, lakini waulize vijana kumi mtaani uone wangapi wanaijua.

Kuhifadhi kopi zako: ziweke kwenye diski mbili, zikae nyumba tofauti. Flashi usiiamini.

Mwenye DVD halali ya Maangamizi isiyo na mikwaruzo anicheki PM, bei tutaelewana.