Saketi mbili kwenye mnara mmoja

SWALI: Mhandisi, salamu. Ninasimamia kiwanda cha barafu ya kuhifadhia samaki hapa Kisumu. Mshauri tuliyemlipa ametuandikia kwamba laini kubwa inayotuletea umeme ina saketi mbili (yaani seti mbili za nyaya, kila moja ikiweza kuleta umeme peke yake), kila moja hukatika kwa jumla ya saa 20 kwa mwaka, na kwa hiyo zote mbili haziwezi kukosekana pamoja kwa zaidi ya dakika 3 kwa mwaka. Anatushauri tuuze jenereta. Je, hesabu yake ni sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, msiuze jenereta. Kuzidisha kwenyewe hakuna kosa: ukigawanya saa 20 kwa saa 8,760 za mwaka, ukazidisha sehemu hiyo kwa yenyewe, kisha kwa dakika zote za mwaka, unapata takriban dakika 2.7. Kosa limetangulia hesabu, nalo ni kudhani kwamba saketi moja ikikatika, nyenzake haihusiki. Dhana hiyo ninaikuta katika ripoti nyingi mno zinazoletwa mezani kwangu hapa Nakuru, na inanikera kwa sababu anayeiandika hulipwa vizuri bila kwenda kutazama mnara hata mmoja.

Laini ya kilovolti 220 itokayo Olkaria kupitia Lessos hadi Kisumu imebeba saketi zake mbili kwenye minara ileile. Radi za ukanda wa Ziwa na milima ya Nandi na Kericho mnazijua. Radi inapopiga mnara au waya wa kinga ulio juu kabisa, mkondo wake hutafuta ardhi kupitia miguu ya mnara. Pale ambapo miguu imesimama juu ya mwamba na ukinzani wa ardhi (ugumu wake wa kupitisha mkondo) ni mkubwa, volti ya mnara wenyewe hupanda ghafla hadi cheche ikaruka kutoka kwenye chuma kwenda kwenye nyaya, na inaweza kuzipata saketi zote mbili kwa pigo moja. Vivyo hivyo mwizi anapong'oa vyuma vya mnara: mnara ukianguka, hauchagui saketi. Tarehe 11 Januari 2022, minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi iliyohujumiwa ilianguka, na giza likaenea nchini.

Hata laini zilizo mbalimbali hufungamana kwa njia nyingine, yaani mzigo. Moja ikitoka, umeme wake huhamia kwa zilizobaki. Nyaya hupata joto, hurefuka na kulegea kuelekea miti iliyo chini. Ndivyo Italia ilivyozimika tarehe 28 Septemba 2003: laini moja ya Uswisi ilijikata saa tisa na dakika moja usiku baada ya kukaribia mti, ya pili iliyobebeshwa mzigo wake ikafuata baada ya dakika 24, kisha zilizobaki zikajikata kwa mfululizo wa haraka.

Sasa rudia hesabu ya mshauri wenu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba sehemu moja ya kumi ya zile saa 20 inatokana na chanzo kinachozikumba saketi zote mbili. Hizo ni saa 2 kwa mwaka, mara arobaini ya alichowaahidi, na wastani huo unaweza kuja wote kwa usiku mmoja wa mvua za Aprili samaki wakiwa wamejaa.

Ninasema haya pia kwa wasimamizi wa hospitali, wa vituo vya kusukuma maji na wa viwanda vya chai, kwa kuwa ripoti za aina hii sasa zinauzwa kila mahali, nyingine zikiwa zimetolewa na programu ya kompyuta iliyojazwa tarakimu mbili tu. Kabla ya kumlipa mtu, mwombeni orodha ya matukio ya kukatika, moja baada ya jingine, yenye saa na chanzo, ili muone ni mangapi yalizigusa saketi zote mbili. Mwulizeni pia vipimo vya ukinzani wa miguu ya minara, na kama laini ya zamani ya kilovolti 132 kutoka Lessos kupitia Muhoroni inaweza kubeba mzigo wa Kisumu saa moja usiku, matumizi yanapokuwa juu, si saa nane mchana tu. Akijibu kwamba wastani wa mwaka unatosha, msimlipe.