Akiba ya uzeeni na ada ya shahada ya uzamili: jibu kwa dada wa Muheza

Dada yangu, umeandika kwamba una miaka 36, kwamba umefanya kazi miaka 11 katika kampuni binafsi hapo Muheza, kwamba una michango katika mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS vyenye thamani ya milioni sita na ushei, na kwamba ada ya shahada ya uzamili unayoitaka ni milioni sita kwa miaka miwili. Unauliza kama ni busara kuacha kazi, ukachukua michango yako, ukalipa ada na kusoma kwa utulivu. Wengine wamekwisha kukujibu kwamba akiba ya uzee haiguswi kamwe. Mimi nililipia shahada yangu kwa sehemu ya akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya uzee, nikiwa hapa hapa Tanga, kwa hiyo nitakueleza hesabu zangu jinsi zilivyokuwa, pamoja na zile nilizokosea.

Nianze na michango ya NSSF, kwa sababu hapo ndipo unapoelekea kuumia. Ile njia ya zamani ya kuacha kazi na kuchukua michango yote, tuliyokuwa tukiiita fao la kujitoa, imefungwa tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018. Kilichowekwa mahali pake ni fao la kukosa ajira, ambalo humlipa mwanachama aliyechangia walau miezi 18 asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita, lakini halimhusu mtu aliyeandika mwenyewe barua ya kuacha kazi. Mwenzangu mmoja, tuliyekuwa tukikaa meza moja katika ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari, aliacha kazi mwaka 2019 akiamini kwamba baada ya miezi michache angepewa chote. Alipokwenda kuuliza akaelezwa kwa adabu zote kwamba michango yake ipo salama na itamsubiri afikishe miaka 55. Ofisi haikumkosea, maana sheria ndivyo ilivyo. Ada ya muhula wa kwanza alikuwa ameshailipa kwa kukopa kwa shemeji yake, na ya muhula wa pili hakuwa nayo. Aliacha chuo, na kazi alishaiacha.

Lipo pia jambo ambalo hukulitaja, nalo ni miezi. Miaka 11 ni miezi 132, ilhali pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180. Unapungukiwa miezi 48. Ukiacha kazi leo na usirudi katika ajira yenye mkataba, au usipojisajili kuendelea kuchangia kwa hiari, hutakuwa na pensheni ya mwezi hata kidogo. Utapewa mkupuo, yaani fedha zote kwa mara moja, na mkupuo tunaujua unavyokwisha.

Nadhani wengi wetu tunapotoshwa na makala tunazosoma mitandaoni, ambazo nyingi zimeandikwa kwa ajili ya Wamarekani. Huko mtu mwenye akaunti ya IRA, ambayo ni akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni, anaweza kutoa fedha kabla ya umri wa miaka 59 na nusu kwa ajili ya masomo ya chuo bila kutozwa ile faini ya asilimia 10, ingawa kodi ya mapato huilipa, na mwenye akaunti ya 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kupitia mwajiri ambayo haina msamaha huo wa masomo, anaweza kujikopesha nusu ya akiba yake isiyozidi dola 50,000 iwapo mpango wa mwajiri wake unaruhusu. Mimi mwenyewe nilisoma hayo usiku kucha mwaka 2018 nikidhani nimepata ufumbuzi, mpaka mke wangu aliponiuliza hiyo IRA ina tawi wapi hapa Tanga. Hata ule ushauri wao kwamba ni afadhali ukope ada kuliko kugusa akiba ya uzee unategemea nchi yenye mikopo mingi ya masomo ya juu. Kwetu Bodi ya Mikopo nguvu yake kubwa iko kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na fursa za uzamili ni finyu. Kwa hiyo sikubaliani na wachangiaji waliokujibu kwamba akiba ya uzee haiguswi kamwe. Ile uliyojiwekea kwa hiari unaweza kuigusa, ila uijue gharama yake kabla.

Sasa yangu. Nilikuwa na miaka 41, mtoto wa kwanza yuko sekondari, na tangu mwaka 2013 nilikuwa nikinunua vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS kila nilipopata kiziada, kwa nia ya kuvila nikishastaafu. Wakati ule mji mzima ulikuwa ukizungumzia bomba la mafuta lililopangwa kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga na upanuzi wa bandari yetu, na kila mwenye diploma au shahada moja alijiona anahitaji karatasi nyingine kabla wageni hawajazichukua nafasi. Waja leo waondoka leo, ndivyo wasemavyo kuhusu Tanga, nami sikutaka kuwa mwenyeji anayewapokea waja ofisini kisha wakawa wakubwa wake. Oktoba 2019 vipande vyangu vilikuwa na thamani ya shilingi 9,400,000. Nikauza vya 5,000,000, nikabakiza vingine, nikajiunga na chuo kimoja cha Dar es Salaam chenye mihadhara ya mwisho wa juma.

Ada ilikuwa 5,400,000, na mimi kama wewe niliitazama ada peke yake. Sikuhesabu kwamba Ijumaa alasiri ningekuwa napanda basi stendi ya Kange, kilomita kama 350 kwa njia ya Segera, nafika usiku, nalala nyumba ya wageni, nasoma Jumamosi na Jumapili, kisha narudi usiku ili Jumatatu niwe ofisini macho mekundu. Safari moja, pamoja na chakula na malazi, ilinigharimu kama 85,000. Nilizihesabu baadaye, zikawa safari 38. Hiyo ni 3,230,000. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona hadi mwanzoni mwa Juni, ratiba ikavurugika; kisha msimamizi wa tasnifu yangu akawa mtu wa kupotea miezi mitatu bila kujibu, na mimi ndiye niliyelipa mihula miwili ya ziada, 450,000 kila mmoja. Utafiti, uchapaji na kufunga vitabu vikala 900,000. Jumla ikafika 10,430,000, yaani karibu mara mbili ya ada. Tofauti niliifidia kwa mkopo wa SACCOS wa 3,000,000 na kwa mshahara, na katika miezi miwili migumu zaidi tulivuka kwa zamu ya mke wangu katika mchezo wao wa akina mama wa Makorora, fedha aliyokuwa ameikusudia cherehani.

Ndiyo maana nakushauri, kabla ya kuuza hata kipande kimoja, utafute namna ya kusoma bila kutoka Tanga na bila kuacha kazi. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa mjini, na wafanyakazi wengi wamesoma kwa njia hiyo. Mimi nilikidharau kwa sababu niliamini kwamba darasa la ana kwa ana lina hadhi zaidi. Katika usaili wote nilioufanya tangu nihitimu, hakuna aliyeniuliza nilikuwa nakaa wapi wakati nasoma.

Suala la kutoacha kazi nataka nilikazie kwa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kwa kuwa watu hukilalamikia bila kukifungua. Pensheni yetu ya mwaka hupatikana kwa kuchukua idadi ya miezi uliyochangia, kuigawa kwa 580, na kuizidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika ile miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi. Kwa sisi wa NSSF, ambao zamani mkupuo wetu ulikuwa asilimia 25, sasa ni asilimia 35 ya pensheni hiyo ya mwaka tangu marekebisho ya bajeti ya 2024/25, inayozidishwa kwa 12.5, na asilimia 65 iliyobaki ndiyo hugeuzwa kuwa pensheni ya kila mwezi. Tuchukulie kwamba utafanya kazi bila kukatiza hadi miaka 60: utakuwa na miezi 420. Kwa mshahara wa 1,000,000 utapata mkupuo wa kama 38,000,000 na pensheni ya kama 470,000 kwa mwezi. Ukikaa nje miezi 24 kisha ukarudi kwa mshahara ule ule, utabaki na miezi 396, mkupuo utashuka hadi kama 35,800,000 na pensheni hadi kama 444,000. Umepoteza zaidi ya milioni mbili za mkupuo na kama 27,000 kila mwezi hadi mwisho wa uhai wako, mbali na mishahara ya miaka miwili uliyoikosa, ambayo ni milioni 24 na ndiyo ada yako ya kweli.

Lakini igeuze hesabu hiyo upande wa pili. Kwa kuwa kikokotoo hutazama miaka ile mitatu mizuri, shahada ikikupandisha mshahara hadi 1,300,000, hata ukiwa na miezi 396 tu, mkupuo hufika kama 46,600,000 na pensheni kama 577,000. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama kazi yako inampandisha mshahara mtu mwenye uzamili au inampa hongera tu. Muulize afisa utumishi wenu, na muulize pia aliyesoma kabla yako analipwa kiasi gani. Huyu wa pili ndiye atakayekuambia ukweli.

Kuhusu vipande, gharama yake haionekani kwa sababu hakuna anayekudai. Ukiuza vya milioni sita ukiwa na miaka 36, tuseme vingekuwa vinakua kwa asilimia sita juu ya mfumuko wa bei, basi ukifika 60 vingekuwa na thamani ya kama milioni 24 za leo. Sisemi kwamba faida hiyo imehakikishwa, maana mifuko hupanda na kushuka. Mimi ningeuza nusu tu, tena kwa mafungu kufuata mihula, na fungu la muhula unaokuja ningelihamishia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS hao hao, ambao hulipa ndani ya siku tatu za kazi. Kuuza vyote kwa mkupuo siku ya kwanza, kama nilivyofanya na milioni zangu tano, ni kuzitoa fedha kwenye mfuko unaozaa na kuziweka kwenye akaunti ya benki ambayo kila mwenye shida katika ukoo ataisikia harufu yake. Nusu nyingine ningeitafuta SACCOS, ambako wengi hukopeshwa hadi mara tatu ya akiba zao, mradi makato yote, pamoja na ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo kama bado unadaiwa ya shahada ya kwanza, yasikuachie chini ya theluthi ya mshahara. Wapo wenzetu wengi hapa Tanga wasiotaka kabisa mkopo wa riba, na ikiwa wewe ni mmoja wao sitakushawishi. Kwako akiba ndiyo njia, ila urefushe masomo iwe miaka mitatu ili mshahara nao ubebe sehemu yake.

Umeuliza pia kama ninajuta. Nilihitimu mwaka 2022 na mwajiri wangu akanipa mkono na soda. Mwaka mzima mshahara ulibaki 1,150,000. Katikati ya 2023 nikahamia kampuni nyingine inayonilipa 1,600,000, na hapo ndipo shahada ilipoanza kulipa. Katika lile ongezeko, 150,000 hukatwa kila mwezi kununua vipande kabla sijauona mshahara, kwa amri ya mke wangu, ambaye pia amenunuliwa cherehani yake. Sijuti kusoma. Najuta zile safari 38 na ule mwaka mmoja niliokaa nikisubiri kupandishwa na mtu ambaye hakuwa na nia hiyo.

Jambo la mwisho, ulifanye wiki hii. Chukua taarifa yako ya michango NSSF na uhesabu miezi mmoja mmoja, usikisie kwa miaka uliyofanya kazi. Nilipochukua yangu nilikuta miezi 11 ya mwajiri wangu wa kwanza haipo, alikuwa akinikata bila kuwasilisha, na kuifuatilia kulinichukua muda mrefu kuliko kuandika tasnifu. Kama na wewe una pengo la namna hiyo, basi hizo 132 ulizoniandikia huenda si 132, na ni rahisi zaidi kumdai mwajiri ukiwa bado uko kazini kwake kuliko ukiwa umeshakabidhi kitambulisho getini.